Lawrence Taylor alipewa tuzo ya Mchezaji Bora wa Ligi mwaka 1986: kwa nini walinzi waliomfuata wameikosa?

#1 Mkongwe wa Ilala

Wakuu, salaam. Nilihamia Houston mwaka 2012, na kwa kuwa kazini kwetu kila Jumatatu asubuhi watu hawana mazungumzo mengine, nililazimika kujifunza futiboli ya Kimarekani ili nisikae kimya mezani kama mtu aliyekosea harusi. Nilianza kwa kuwatazama wanaorusha mpira, kama kila mgeni anavyoanza, lakini kadiri nilivyouelewa mchezo ndivyo macho yalivyohamia upande wa pili, kwa wale wanaozuia.

Wiki hii nimekuwa nikitazama mechi za zamani za Lawrence Taylor, lainibeka (mlinzi wa safu ya pili) namba 56 wa New York Giants, aliyecheza kuanzia 1981 hadi 1993. Katika msimu wa 1986 alimwangusha kwotabeki, yaani mrusha mpira, mara 20.5, timu yake ikashinda mechi 14 kati ya 16, ikatwaa Super Bowl, fainali ya ligi, kwa kuifunga Denver 39 kwa 20, naye akapewa tuzo ya Mchezaji Bora wa Ligi, yaani NFL. Ndiye mlinzi pekee aliyewahi kuipata tuzo hiyo, na tangu siku hiyo imekuwa ikienda kwa warusha mpira, na mara chache kwa wakimbiaji. Swali langu ni hili: hajazaliwa mwingine wa kulingana naye, au tatizo liko kwa wanaopiga kura?

#2 Chura wa Kahama

Naomba nieleweshwe kabla hamjaanza kurushiana takwimu. Mtu anaangushwaje mara ishirini na nusu? Hiyo nusu aliangukia magoti?

#3 Kigogo wa Takwimu

Ndugu Chura, kumwangusha kwotabeki kabla hajautoa mpira mkononi, nyuma ya mstari ambako mchezo ulianzia, huitwa seki. Walinzi wawili wakimfikia pamoja, kila mmoja huandikiwa nusu.

Sasa nimrekebishe Mkongwe kwa heshima. Taylor si mlinzi pekee. Tuzo ya shirika la habari la Associated Press, ambayo ndiyo wengi huihesabu, ilikwenda mwaka 1971 kwa Alan Page wa Minnesota Vikings, aliyecheza katikati ya mstari wa mbele wa ulinzi. Kwa hiyo ni wawili. Jambo la pili ni kwamba ligi ilianza kuzihesabu seki rasmi mwaka 1982, yaani mwaka mmoja baada ya Taylor kuingia. Zile 9.5 za msimu wake wa kwanza hazimo kwenye jumla yake rasmi ya 132.5. Ukikuta mahali pameandikwa 142, ujue mwandishi amezirudisha.

#4 Binti Pangani

Ahsante, Kigogo, kwa kumkumbuka Page. Sisi tunaoishi Minneapolis tunamjua zaidi kama jaji kuliko kama mchezaji, kwa sababu alikaa katika Mahakama Kuu ya jimbo hili tangu 1993 hadi 2015. Mwanangu alisoma shule ya kati iliyobadilishwa jina mwaka 2017 ikaitwa Justice Page, na alikuwa darasa la saba alipokuja kuniuliza kama ni kweli kwamba yule jaji aliwahi kucheza mpira. Nilimwambia sijui, akaniletea picha. Nilicheka mwenyewe.

#5 Nyoka wa Maji

Jibu ni kanuni za mchezo, wala tusizunguke. Mwaka 1978 ligi iliwakataza walinzi kumgusagusa mpokeaji akishavuka yadi tano, na papo hapo ikawaruhusu wakingaji wa upande wa mashambulizi kunyoosha mikono na kufungua viganja wanapomzuia mtu. Mwaka mmoja kabla yake, lile kofi la kichwani ambalo Deacon Jones, mlinzi wa zamani, alilitumia kuwapumbaza wakingaji lilikuwa limepigwa marufuku. Mambo hayo matatu yaliupeleka mchezo mikononi mwa kwotabeki, na anayeushika mchezo ndiye anayeshika tuzo.

#6 Kigogo wa Takwimu

Nyoka, maelezo yako yana tundu moja kubwa. Kanuni ni za 1978 na tuzo ya Taylor ni ya 1986. Kama kanuni ndizo zilizowafungia walinzi mlango, yeye alipitia wapi? Tena msimu huohuo Dan Marino wa Miami alirusha mipira 44 ya tachidauni (bao la kuufikisha mpira eneo la mwisho la adui), idadi ambayo leo hii bado ni kubwa, na Eric Dickerson wa Rams alikimbia yadi 1,821. Usiseme basi kwamba mwaka ule haukuwa na mshambuliaji wa kupewa.

#7 Nyoka wa Maji

Alipitia dirishani. Lakini Miami ya Marino ilimaliza mwaka ule ikiwa imeshinda mechi nane na kupoteza nane, kwa hiyo mfano wako nao una tundu.

#8 Beki Tatu

Mimi sijui sana mchezo huo wa helmeti, ila nimecheza beki wa kati kwa miaka kumi na moja katika ligi ya mkoa, na kilio hiki nakijua. Kwetu zawadi ya mchezaji bora ilikuwa jezi na beberu mmoja, na katika miaka yote hiyo sikumwona beki akiondoka na yule mbuzi. Hata Ulaya, Cannavaro aliupata Mpira wa Dhahabu mwaka 2006 kwa sababu Italia ilichukua Kombe la Dunia na yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Beki hupewa pale tu timu ikichukua kila kitu, halafu iwe haina mshambuliaji mmoja anayewazidi wenzake waziwazi. Giants wa 1986 walikuwa na mshambuliaji wa namna hiyo?

#9 Mkongwe wa Ilala

Ahsante kwa masahihisho, Kigogo. Nimeyapokea.

Beki Tatu, umegusa penyewe. Kwotabeki wao alikuwa Phil Simms, mchezaji mzuri ambaye siku ya fainali yenyewe alikamilisha pasi 22 kati ya 25 akawa mchezaji bora wa mechi hiyo, lakini katika msimu mzima hakuna aliyesema kwamba timu ni ya Simms. Timu ilikuwa ya walinzi, na walinzi walikuwa wa Taylor.

#10 Baba Zuhura

Naona mnahesabu alichokifanya Taylor. Ningependa tuhesabu walichokiacha wenzake.

Kabla yake, kazi ya kwanza ya lainibeka wa pembeni ilikuwa kusubiri, kusoma mchezo na mara nyingi kurudi nyuma kuwalinda wapokeaji. Giants walimchagua wa pili katika drafti ya 1981, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, baada ya New Orleans kumchukua mkimbiaji George Rogers, na Bill Parcells, ambaye wakati ule alikuwa mkuu wa ulinzi, akaanza kumtuma mbele kumfuata kwotabeki. Alikuwa na takriban kilo 107 na kasi ya mtu wa kilo 90. Mkimbiaji aliyeachwa amzuie alikuwa anasombwa kama mlango wa bati wakati wa kimbunga.

Januari 1982, katika mechi ya mtoano, Bill Walsh wa San Francisco aliamua kumtoa mkingaji wake wa ndani, John Ayers, arudi nyuma amsubiri Taylor peke yake, na wakashinda 38 kwa 24. Joe Gibbs wa Washington, aliyekutana naye mara mbili kila mwaka, alikwenda mbali zaidi: aliupanga upya mfumo wake, akawatumia wapokeaji wawili wa ndani, wale wazito wanaosimama karibu na mstari, ili mmoja wao awe tayari kusaidia upande aliko namba 56. Kocha anayebadilisha mpangilio wa timu nzima kwa ajili ya mtu mmoja amekwisha kumpigia kura, hata kama hana karatasi ya kura.

Hapo ndipo lilipo jibu langu kwako, Mkongwe. Kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia huupa mgongo upande wake wa kushoto, na Taylor alikuja zaidi kutoka huko. Timu zilianza kutafuta wakingaji wa kushoto warefu, wazito, wenye miguu myepesi, na kuwalipa fedha nyingi. Walinzi waliokuja baada yake walikuta ukuta uliojengwa kwa kipimo cha Taylor, kwa hiyo yeye ndiye aliyewaharibia.

#11 Flanka Mstaafu

Baba Zuhura amesema kweli, nami naongeza kisa kimoja ambacho nimekitazama polepole, picha kwa picha, zaidi ya mara moja, ingawa sikipendi.

Ni Jumatatu usiku, tarehe 18 Novemba 1985, uwanja wa RFK mjini Washington. Joe Theismann anampa mpira mkimbiaji John Riggins, Riggins anapiga hatua chache kisha anageuka na kumrudishia, hila ya kuwavuta walinzi mbele. Walinzi wa Giants hawakuvutika. Theismann anasogea mbele kumkwepa mmoja, na Taylor anamrukia kutoka nyuma, mwili wake unazunguka, paja linatua kwenye mguu wa kulia chini ya goti, na mifupa yote miwili inavunjika. Theismann hakucheza tena maishani. Wengi hukumbuka ule mguu. Mimi hukumbuka kinachofuata: Taylor anainuka kwa kushtuka, anashika kichwa cha helmeti yake kwa mikono miwili, anawapungia kwa nguvu watu wa benchi la Washington waje haraka. Mtu aliyeogopwa kuliko wote uwanjani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuita msaada.

Nilicheza raga Nairobi nikiwa flanka, na nafasi hiyo inafanana kidogo na yake: unamtoka mtu, unamfuata mwenye mpira. Ndiyo maana Mkenya Daniel Adongo, aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 akitokea kwenye raga bila kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani, aliwekwa lainibeka wa nje. Hata hivyo mwili ndio sehemu rahisi ya nafasi ile. Kusoma mchezo ndiko kunakochukua miaka, na nadhani Taylor, aliyeanza mchezo huo akiwa kijana wa sekondari baada ya kucheza besiboli, alikuwa na macho ambayo hayafundishwi.

#12 Chura wa Kahama

Flanka, siku ukiniandikia wosia wangu nitakufa kwa raha.

Nimesoma kidogo na nimegundua jambo la kuchekesha. Mwaka 1982, ambapo mgomo uliufupisha msimu ukawa wa mechi tisa, Taylor alichaguliwa Mlinzi Bora wa Mwaka kwa mara ya pili mfululizo. Je, mnajua Mchezaji Bora wa Ligi alikuwa nani? Mark Moseley wa Washington. Mpiga mateke! Mtu anayeingia uwanjani dakika mbili, anapiga mpira, anarudi kukaa. Mnajadili kwa nini mlinzi hapewi, kumbe kuna mtu amewahi kupewa kwa mguu mmoja.

#13 Kigogo wa Takwimu

Ni kweli, na Moseley alipachika mateke 20 kati ya 21 msimu ule. Nimekaa nikitafuta cha kumtetea zaidi ya hapo, nimekosa.

#14 Mzaramo wa Queens

Jamani, semeni ukweli: ni New York. Waandishi wengi, magazeti mengi, televisheni zote ziko hapa. Angecheza Green Bay miaka ile wangempa mkono wa pongezi tu. Ninaishi hapa, na mpaka leo dereva wa teksi mwenye umri wa kutosha atakuambia alikuwa wapi siku Taylor alipofanya hiki au kile.

#15 Kigogo wa Takwimu

Mzaramo, jiji lako lilikuwa na timu mbili. Mwaka 1984 Mark Gastineau wa New York Jets alipata seki 22, nyingi kuliko za Taylor wa 1986, na tuzo ikaenda kwa Marino. Mwaka 2001 Michael Strahan, wa Giants haohao, akaweka rekodi ya 22.5, tuzo ikachukuliwa na Kurt Warner. Magazeti yalikuwa yaleyale.

#16 Mzaramo wa Queens

Jets wa 1984 walishinda mechi saba wakapoteza tisa. Giants wa 2001 vilevile, saba na tisa. Gazeti haliwezi kumpamba mtu wa timu inayofungwa. Ninasema New York pamoja na ushindi.

#17 Mkongwe wa Ilala

Basi na mimi nilete kidonda changu cha Houston. Mwaka 2014 J.J. Watt alipata seki 20.5, sawasawa na Taylor hadi nusu yake. Zaidi ya hapo alifunga tachidauni tano: tatu akiwa amepangwa upande wa mashambulizi kama mpokeaji, moja kwa kudaka pasi ya adui, moja kwa kuokota mpira ulioanguka. Nilikuwa uwanjani mara mbili msimu ule, na nakumbuka watu wazima wakisimama kila timu ngeni ilipokuwa na mpira. Kura zilipohesabiwa Aaron Rodgers, kwotabeki wa Green Bay, alipata 31, Watt 13. Tulishinda mechi tisa, tukapoteza saba, hatukuingia mtoano. Kwa hoja ya Mzaramo na ya Beki Tatu, hapo ndipo alipopotezea mbuzi wake.

#18 Baba Zuhura

Ningeikubali hoja ya ushindi kama si Aaron Donald. Mwaka 2018 naye alipata seki 20.5. Tatu kwa idadi ileile, kama kwamba kuna mzimu. Alizipata akicheza katikati, mahali ambapo wakingaji wawili humrukia kila mara, na kwa mwili ambao makocha waliuona mfupi kwa nafasi hiyo. Rams walishinda mechi 13, wakapoteza 3, wakafika Super Bowl. Katika kura 50, makwotabeki wawili walizigawana: Patrick Mahomes alipata 45 na Drew Brees 5. Donald hakupata hata moja. Ushindi ulikuwepo, seki zilikuwepo, mji ulikuwa Los Angeles ambao nao una magazeti yake, Mzaramo. Nini kilikosekana?

#19 Nyoka wa Maji

Mahomes alirusha tachidauni 50. Narudia: kanuni.

#20 Binti Pangani

Mimi nadhani kinachowaponza ni ile tuzo yao wenyewe ya Mlinzi Bora wa Mwaka. Mpiga kura ana karatasi mbili mbele yake. Humwandika mlinzi kwenye ile ya walinzi, dhamiri inatulia, kisha kwenye ile kubwa anamwandika mrusha mpira. Ni kama nyumba ambamo msichana wa kazi hupewa kanga siku ya sikukuu na kila mtu akaona amekwisha kushukuriwa.

#21 Kigogo wa Takwimu

Mfano ni mzuri, Dada, lakini tuzo hiyo ilianza mwaka 1971, na wa kwanza kuipata alikuwa huyohuyo jaji wenu Page, ambaye mwaka ule alizichukua zote mbili. Taylor naye alizichukua zote mbili 1986. Karatasi zilikuwa mbili tangu mwanzo.

#22 Binti Pangani

Basi mazoea huchukua muda kujengeka. Sijashawishika kuiacha hoja yangu.

#23 Mwalimu Tegeta

Samahani kwa kuingia nimechelewa. Tunazungumza kama vile mwanadamu huyu alikuwa uwanjani tu. Mapema 1986, kabla ya msimu huo mnaousifu, alitangaza kwamba amekuwa akitafuta tiba ya uraibu. Mwaka 1988 alisimamishwa mechi nne kwa kushindwa tena kipimo cha dawa za kulevya. Baada ya kustaafu, mwaka 2011, alikiri makosa mawili ya kingono katika kesi iliyomhusu binti wa miaka 16 huko jimbo la New York, akapewa kifungo cha nje cha miaka sita. Ninafundisha vijana wa umri huo, na siwezi kulitaja jina lake darasani bila kulitaja na hilo.

#24 Mkongwe wa Ilala

Mwalimu, hujachelewa, na ni haki yaandikwe humu. Swali langu lilihusu kura za 1986, na kwa upande huo umenifikirisha: wapiga kura walijua habari za uraibu, na bado walimpa. Huenda hata hiyo hadithi ya kurudi ilimsaidia.

#25 Flanka Mstaafu

Kwa kuwa 1988 imetajwa, nami niitaje nyingine ya mwaka huohuo, kwa sababu inaeleza kwa nini wachezaji wenzake walimfuata. Tarehe 27 Novemba, New Orleans, akiwa amerudi kutoka adhabu ile, alicheza akiwa na msuli wa bega uliochanika, bega limefungwa mikanda ili mkono usitoke mahali pake. Picha zinaonyesha akikunja uso karibu kila anapoinuka, akiushikilia mkono mmoja kwa mwingine kama mama aliyebeba mtoto anayelala. Alipata seki tatu, akamfanya mwenye mpira auachie mara mbili, na Giants wakashinda 13 kwa 12, tofauti ya pointi moja. Leo daktari asingemruhusu kuvaa hata viatu. Sisemi ilikuwa busara. Nimecheza nikiwa na bega bovu na mpaka sasa siwezi kufikia kabati la juu jikoni.

#26 Beki Tatu

Mimi ni goti. Ngazi napanda kwa mguu mmoja, kama mpiga mateke wa Chura.

#27 Baba Zuhura

Narudi kwenye hoja yangu, kwa kuwa naona imepitwa. Kila tunachotaja humu, seki, tachidauni, ushindi, ni vitu ambavyo vimeandikwa. Pasi aliyoitupa kwotabeki mapema kwa sababu alihisi mtu nyuma yake haiandikwi kwa jina la mlinzi. Inaandikwa kuwa ni pasi iliyokosea. Mchezo uliofutwa ubaoni siku ya Jumatano kwa sababu Jumapili unakutana na Taylor hauandikwi popote. Msimu wa 1986 mambo yaliyoandikwa na yasiyoandikwa yalielekea upande mmoja, na ndiyo sababu hata mpiga kura mvivu aliona.

#28 Kigogo wa Takwimu

Na mimi siwezi kubishana na kitu ambacho hakijaandikwa, ndiyo maana hoja yako hainiridhishi. Kila shabiki wa kila mlinzi anaweza kuisema.

#29 Mkongwe wa Ilala

Naona tumebaki na kanuni, ushindi, jiji, mazoea, ukuta na hofu, na hakuna aliyemwondoa mwenzake. Nawashukuru. Jumamosi nitatazama tena ile mechi ya mtoano ya Januari 1987, Giants na Washington ya Gibbs, iliyokwisha 17 kwa 0, na safari hii sitaufuata mpira, nitamfuata namba 56 tangu mwanzo hadi mwisho.

#30 Flanka Mstaafu

Usimtazame yeye, Mkongwe. Mtazame Jay Schroeder, kwotabeki wa Washington, kabla mpira haujatolewa, uone kila mara kichwa chake kinageukia wapi kwanza.

#31 Chura wa Kahama

Mimi nitamtazama mpiga mateke.